Nusu boneti: kisa cha waksi ya kupuliza kwenye IST nyeusi

Gari yenyewe ni Toyota IST nyeusi, ile nyeusi yenye namba ya rangi 202 kwenye kibati cha gari, nyeusi tii isiyo na chembe ya metaliki ndani. Mwenye gari ya rangi hii akiwa Arusha sina haja ya kumweleza kitu, asiyekuwa nayo ajue tu kwamba ukiosha saa nne asubuhi unapendeza mpaka saa nne na robo. Nakaa Moshono, kutoka lami mpaka getini kwangu ni kipande cha vumbi tupu, lile vumbi letu la kijivu laini kama unga ambalo watu wakiliona wanadhani halina madhara, kumbe ndani yake kuna majivu ya volkano ya Meru, chukua kidogo usugue kati ya vidole viwili utasikia linavyokwaruza.

Kisa kilianza mwanzoni mwa mwezi wa tisa. Tulikuwa na sendoff ya mdogo wake mke wangu Moshi, Jumamosi, na si unajua sendoff za kule, watu wanaangalia ulivyovaa, wanaangalia bahasha, wanaangalia na ulichoshuka nacho. Ijumaa mchana nikapeleka gari kuoshwa pale ninapoosha siku zote, elfu saba ndani na nje, chalii anayenioshea akamaliza akaja na chupa ya kupuliza ina picha ya gari jekundu linang'aa kama pipi. "Braza nikumalizie na hii, waksi, buku tano tu. Maji hayagusi hii gari mwezi mzima, hata vumbi linateleza lenyewe." Buku tano kwa mwezi mzima nani atakataa, nikamwambia piga.

Akapiga. Gari ilikuwa juani tangu saa sita, boneti huwezi kuweka kiganja, yeye akapuliza gari nzima kwa mpigo mmoja kama mtu anayepuliza dawa ya mbu, vioo, mataa, matairi, kila kitu, afu ndo akaanza kufuta na tambara lile lile alilokaushia maji. Nilipoondoka pale ilikuwa inang'aa kweli, sitamsingizia.

Kesho yake tukashuka Moshi. Njiani sikuona kitu maana ukiwa ndani huoni bodi yako, tumefika ukweni nimepaki kwenye jua, nageuka nyuma naona gari ina mistari, mabaka mabaka yenye rangi za upinde wa mvua kama dimbwi la maji lililodondokewa na dizeli, na juu ya mabaka vumbi la Boma Ng'ombe limeganda, halijateleza hata kidogo. Mama mkwe katoka kutupokea, nikampa shikamoo yake, akaitikia vizuri tu, "marahaba baba, karibuni, poleni na safari," akaangalia gari, akanyamaza kidogo, akasema kwa upole ule wa mama wa Kichaga anayekuheshimu lakini hawezi kuacha jambo lipite, "baba, hii gari imemwagikiwa mafuta ya kula?" Mke wangu alicheka mpaka ndani.

Kurudi usiku ndo ilikuwa mbaya zaidi na hapa sikucheka mimi. Kioo cha mbele kilikuwa kimepulizwa na chenyewe, sasa kila lori likija mbele taa zake zinasambaa kioo kizima kama mtu amepaka losheni, nikirusha maji na kupiga waipa inazidi, waipa zenyewe zinaruka ruka na kupiga kelele. Kutoka Moshi mpaka Usa River nimeendesha kama mzee wa miaka themanini, nimeegemea usukani. Wiki hiyo nikafuta kioo kwa spiriti, mara tatu, ndo kikarudi. Kwa hiyo kama unasoma kwa haraka na utachukua kitu kimoja tu humu basi chukua hiki, usikubali mtu akupulizie waksi kwenye kioo cha mbele, wala karibu na diski za breki, na kama hana subira ya kukwepa hivyo vitu basi mwambie aache tu.

Sasa mimi nina tabia moja, kitu kikiniudhi nataka nijue kwa nini. Nikaenda duka la spea mjini nikanunua chupa yangu mwenyewe, nusu lita, elfu ishirini na tano, nikakaa nayo nikasoma nyuma, yale maandishi madogo ambayo hakuna mtu anayasomaga. Imeandikwa wazi kabisa. Paka kwenye gari safi, bodi iwe ya baridi, kivulini, kipande kwa kipande, futa kabla haijakauka, geuza kitambaa. Yaani ukiacha hilo la gari safi, chalii alivunja maagizo matano kati ya sita ndani ya dakika nne.

Na kila agizo lina sababu yake. Hii kitu ya kupuliza sehemu kubwa ni maji, ndani yake kuna waksi kidogo iliyovurugwa ikachanganyika, mara nyingi kuna silikoni, nyingine zina polima. Waksi inayotajwa sana kwenye chupa ni kanauba, inatoka kwenye majani ya aina ya mnazi mwitu unaoota kaskazini mashariki ya Brazili, na ndo hiyo hiyo inayong'arisha pipi na vidonge kwa hiyo wewe umeshaila mara nyingi tu. Ukipuliza kwenye boneti ya moto yale maji yanaruka papo hapo kabla hujafika na kitambaa, kinachobaki ni vile vitone vya waksi na silikoni vilivyokaukia pale pale vilipoangukia, ukija kufuta unavitandaza vibaya, hapa nene pale hamna, mwanga ukipiga ndo unaona mabaka ya upinde wa mvua. Nyeusi inaonyesha kila kitu. Ingekuwa ile silva ya kila mtu wala mama mkwe asingeuliza. Na vumbi kuganda ni kwa sababu ile ile, silikoni iliyobaki nyingi bila kufutwa inanata, umetengeneza mtego wa vumbi na kuulipia buku tano.

Ila nikiwa nafuta ule uchafu wa mabaka jioni moja na tochi ya simu ndo nikaona kitu kilichonitoa kwenye habari ya waksi kabisa. Rangi yangu imejaa mikwaruzo midogo midogo ya duara, utando wa buibui, mwanga ukikaa katikati inajipanga kuuzunguka. Sio mikwaruzo ya jana. Ya miaka miwili, tangu nianze kuosha pale. Nikarudi siku nyingine sikuosha, nikakaa tu kwenye benchi na soda nikaangalia magari ya wenzangu yanavyooshwa, jamani. Ndoo moja kwa magari matatu. Sponji ikianguka chini kwenye changarawe inaokotwa inaendelea na kazi. Rimu zinasuguliwa afu tambara lile lile linapanda kwenye mlango. Na mwisho kabisa gari likiwa limeshakauka na kavumbi kameshatua tena, kijana anapita na tambara kavu "kumalizia", yaani anachukua majivu ya Meru anayasugua kwenye rangi ya mtu kavu kavu. Siwalaumu sana, wanalipwa kwa idadi ya magari na hakuna aliyewahi kuwafundisha, na wateja wenyewe, mimi nikiwemo, tunachouliza ni "bado tu?"

Hapa inabidi nieleze kidogo rangi ilivyo maana bila hiyo watu wanabishana hewani. Juu ya rangi ya magari mengi ya siku hizi kuna klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi, unene wake kama mikroni arobaini hamsini hivi, unywele wa kichwani kwako ni kama sabini. Huo ndo mtaji wako wote. Mikwaruzo ya kuosha inakaa kwenye huo mtaji, na fundi akija na mashine ya polishi na kompaundi anachofanya ni kupunguza klia mpaka mikwaruzo iishe, kwa hiyo unaweza kufanya hivyo mara chache tu kwenye maisha ya gari. Waksi ya kupuliza unayoiongeza juu haifiki hata mikroni moja. Sasa chukua punje ya mchanga, isugue, niambie hiyo filamu itaizuia na nini. Kwenye hili sina subira na wauzaji, neno "inalinda dhidi ya mikwaruzo" likiwa kwenye chupa ya kupuliza ni la kupita tu.

Lakini inalinda kitu gani basi, maana watu wazima wenye akili zao wanapaka. Ndo nikaamua kupima, na nikapima kwenye boneti ambako jua linapiga wima.

Jumapili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bodi imepoa, Arusha asubuhi mwezi wa tisa bado unavaa sweta. Nikamwaga maji mengi kwanza bila kugusa ili vumbi liondoke lenyewe, nikaosha kwa ndoo mbili, moja ya sabuni moja ya kusuuza kitambaa tu, shampuu ya gari sio sabuni ya unga. Afu nikafanya ile janja ya nailoni, unavaa mfuko mwembamba mkononi unapitisha vidole juu ya bodi, kitu ambacho kiganja kitupu hakisikii nailoni inakisikilizisha, nikasikia vipele vipele vya lami na uchafu ulioganda. (Mfuko niliotumia ni ule wa mkate, rambo zenyewe zilipigwa marufuku tangu Juni 2019 kama hukumbuki.) Nikavitoa kwa ule udongo maalumu wa kusafishia rangi, kidogo kidogo na maji ya sabuni, kazi ya saa nzima kwa boneti peke yake, mgongo unauma.

Tepu ya karatasi ya mafundi rangi nikaipitisha katikati, kutoka kwenye nembo mpaka kwenye kioo. Kushoto nikapaka, kulia hapana. Safari hii mipulizo miwili tu kwenye kitambaa chenyewe, sio kwenye bodi, nikatandaza eneo la kama sinia la wali, nikageuza kitambaa upande mkavu nikafuta, nikasogea. Nusu boneti dakika sita. Hamna mabaka. Binti yangu wa darasa la pili ndo alikuwa msaidizi wangu wa maabara, kazi yake kushika jagi, nikatoa tepu nikamwambia mwaga. Kulia maji yakalala kama shuka, yakasinzia. Kushoto yakajikunja vitone vitone yakakimbia. Akamwaga jagi sita, nikamnyang'anya maana maji ya kisima tunanunua.

Wiki tatu za kwanza ungeniambia niuze hii kitu kwa watu ningeuza. Vumbi linatua pande zote mbili sawa, hilo la "linateleza lenyewe" ni hadithi, lakini wakati wa kuosha upande wa kushoto maji ya bomba yanaondoka nalo karibu lote kabla hujagusa, upande wa kulia linabaki kama utando na lazima usugue. Kukausha kushoto ni kupitisha kitambaa mara moja. Mimi napaki mjini karibu na Mnara wa Saa chini ya jakaranda, na mwezi wa kumi jakaranda zilianza kumwaga, maua yakilala na umande asubuhi yanaacha alama za kahawia, kushoto zinatoka na maji, kulia lazima kitambaa na nguvu kidogo.

Kunguru sasa. Kunguru wa mjini hawa hawana adabu. Wiki ya nne walininyea pande zote mbili kwa siku tofauti, kama wamekuja kunisaidia kupima. Cha kushoto nilikiwahi ndani ya masaa mawili, nikakilowesha kikatoka, hamna alama. Cha kulia nacho nilikiwahi, kikatoka, hamna alama. Afu kikaja cha tatu, kushoto tena, Ijumaa jioni, mimi nikasafiri na rafiki yangu kwa gari lake, gari yangu ikabaki juani Jumamosi na Jumapili. Jumatatu nimekitoa, chini yake rangi imepauka imepata ukingo, unausikia kwa kucha. Kwenye nusu yenye waksi! Ukifikiria wala sio ajabu, klia ikipata joto inalainika na kutanuka, kinyesi kikikauka juu yake kinakuwa kigumu, usiku klia inapoa inajikunja kufuata umbo la kile kilichokauka, na tindikali nayo inakula taratibu. Filamu isiyofika mikroni inakuchelewesha masaa, haikuchelewesha wikendi.

Na kuna hasara moja sikuitegemea kabisa. Madoa ya maji. Jirani yangu anamwagilia bustani jioni na mpira wake unaruka ukuta, maji ya visima vya huku kwetu si unayajua, yana madini mengi, floraidi tunaiona kwenye meno ya watu. Upande wa kulia maji yanalala shuka, yakikauka yanaacha ukungu mwembamba sawasawa, wala huuoni vizuri. Upande wa kushoto yanasimama vitone, kila kitone kinakauka peke yake na madini yake yote yanabaki kwenye kiduara kimoja. Asubuhi nusu ya boneti iliyopakwa ina madoa meupe kama imetoka tetekuwanga, nusu ambayo haijapakwa inaonekana safi kuliko mwenzake. Nilitumia siki na maji nusu kwa nusu, kitambaa kilicholowa kinakaa dakika moja afu unasuuza vizuri, yakatoka karibu yote, mawili matatu bado yapo mpaka leo. Kwa hiyo vile vitone ambavyo kila muuzaji anapiga picha, kwa mtu wa maji ya kisima na jua la saa nne ni kazi ya ziada, usipokausha ni bora usingepaka.

Wiki ya sita vitone vikaisha. Binti kamwaga jagi, pande zote shuka. Nikasema haya, imekwisha, wiki sita, na nikawa nimeshaandika kwenye simu "wiki 6". Nilikosea na nafurahi sikuishia hapo. Jumapili ile nikaosha na shampuu kawaida, nikasuuza, vitone vikarudi kushoto, dhaifu kuliko mwanzo ila vipo. Kumbe waksi haikuwa imekufa, ni uchafu mwembamba ulikuwa umekaa juu yake ukaifunika, na maji yanapima kitu cha juu kabisa tu. Watu wengi nadhani wanapaka tena juu ya uchafu huu wakidhani waksi imeisha, tabaka juu ya vumbi juu ya tabaka, afu wanashangaa gari nyeusi kuwa na ukungu.

Kilichoiua kweli kilikuja wiki ya nane na hakikuwa jua. Mdogo wangu aliazima gari, akarudisha imeoshwa kwa heshima yake, "kaka nimekuoshea kabisa." Asante sana. Ameosha kule kule. Povu la sabuni ya unga kwenye ndoo, ile inayotoa mafuta kwenye kola za mashati, na tambara kavu la kumalizia. Nikamwaga jagi, hamna kitu. Nikaosha na shampuu nikijua vitarudi kama mwanzo, nikamwaga tena, hamna. Muosho mmoja. Sabuni ya unga ni kali, inaondoa mafuta, na waksi kwake ni mafuta tu kama mengine. Kwa hiyo chalii aliyeniahidi mwezi mzima alikuwa anaiuza waksi kwa mkono wa kulia na kuitoa kwa mkono wa kushoto kila wiki, na sidhani kama alijua.

Nikachukua tochi nikaangalia mikwaruzo. Kwa wiki saba nilizoosha mwenyewe sikuona mpya hata mmoja, upande uliopakwa na upande usiopakwa, sawa sawa. Baada ya muosho mmoja wa dogo, mipya ipo, pande zote mbili, sawa sawa. Hapa ndo nilikaa chini. Ningekuwa nimepaka gari nzima kama watu wote wanavyofanya, baada ya wiki saba ningesema waksi imelinda rangi, ningeapa kabisa, kumbe kilicholinda ni ndoo mbili na maji ya kutosha kabla ya kugusa. Ile nusu ya kulia ambayo haikupakwa kitu ndo iliyoniambia ukweli.

Kuna watu wataniambia nimetumia ya bei rahisi, kuna za seramiki. Inawezekana kabisa za bei zinakaa zaidi, kukaa sijabisha, ninachobisha ni kwamba kitu chembamba kiasi hicho kitazuia mchanga unaosuguliwa. Fundi mmoja wa mashine aliniambia laki na ishirini atatoa mikwaruzo yote, nikamwuliza atapunguza klia kiasi gani, akaniangalia kama nimemtukana. Nikaacha. Gari ya kununuliwa mtumba kutoka Japani sijui imeshapolishiwa mara ngapi kabla haijapanda meli, sina kifaa cha kupimia unene, siwezi kumkabidhi mtu mtaji nisioujua salio lake.

Halafu kuna hili la fundi rangi, hili ni fupi lakini lina gharama. Katikati ya majaribio boda alinikwangua bampa la nyuma pale Kijenge, akanipa pole akaondoka, ndo boda. Nikapeleka kwa fundi rangi, kijana mzuri, kazi yake safi. Kapiga msasa, kapuliza rangi, rangi ikaanza kufunguka vishimo vishimo, kila kishimo kina ukingo, wao wanaita macho ya samaki. Akaacha bunduki ya kupulizia rangi akaniuliza, "Mzee, umepaka silikoni hapa?" Nikakumbuka, chalii siku ile alipuliza gari nzima. Silikoni ikibaki hata kidogo rangi mpya inaikimbia, na ukipiga msasa kabla ya kuifuta ndo unaisukuma kwenye mikwaruzo ya msasa inajificha. Ikabidi atoe yote, afute kwa kemikali yao ya kuondolea mafuta, mara mbili na vitambaa vipya, ndo aanze msasa upya. Aliniongezea elfu ishirini na sikubishana. Kama gari yako inaenda kupigwa rangi popote mwambie fundi mapema umepaka nini, usimwachie agundue na bunduki mkononi.

Nilichofanya sasa hivi ni hivi. Kuosha nje naosha mwenyewe, Jumapili asubuhi, kule kwa vijana napeleka kwa ajili ya ndani na chini tu. Chalii nilimpelekea ndoo ya pili na vitambaa vinne vya maikrofaiba, nikamwonyesha na mikwaruzo kwa tochi kwenye gari la mteja mwingine, akasema "duh braza," akashangaa kweli, ila wiki iliyofuata nimepita nimekuta ndoo yangu imejaa maji ya kuoshea miguu. Vitambaa sikuviona. Nitamrudia tu, ni mtu mzuri.

Waksi nimepaka tena kushoto, mwanzo wa mwezi wa kumi na moja, kwa sababu inanipunguzia kazi ya kuosha na kukausha na hiyo kwangu inatosha kuwa sababu, dakika sita kwa nusu boneti, gari nzima labda dakika arobaini bila kioo. Chupa imebaki zaidi ya nusu. Nilitaka nimalizie na upande wa kulia ili mambo yaishe, mke wangu amechoka kuniona nimeinama na tochi usiku majirani wanadhani tunatafuta ufunguo. Binti ndo amekataa. Mvua za vuli zimeanza na yeye asubuhi kwenda shule anakaa mbele kidogo tukiwa bado getini, anaangalia maji yanavyogawanyika pale katikati ilipokuwa tepu, huku yanakimbia huku yamelala, ananiambia, "Baba, huu usiupake, huu ndo wa kupimia."